Je, Wajua? Aikido Ukubwani, Kutoka Tanabe Hadi Bagamoyo

Samaki mkunje angali mbichi, husema wazee. Mtu wa miaka arobaini anayetamani kuingia dojo, ukumbi wa mazoezi, huimbiwa methali hiyo hata kabla hajavua viatu. Leo safu hii inapita Bagamoyo, Zanzibar, Dar es Salaam na Japani, ikikusanya mambo ya aikido, sanaa ya Kijapani ya kujihami, na ndugu zake judo na karate, kwa faida ya yule anayedhani ameshakauka.

WALIOANZA WAKUBWA

Je, wajua kuwa mwasisi wa aikido mwenyewe alikuwa baba wa familia alipokutana na sanaa iliyozaa aikido? Morihei Ueshiba alizaliwa tarehe 14 Desemba 1883 Tanabe, mji wa pwani katika mkoa wa Wakayama. Ujanani aligusa jujutsu na akapita jeshini. Lakini ni mwaka 1915, akiwa mkulima katika baridi ya Hokkaido, ndipo alipokutana na Sokaku Takeda, mwalimu wa mtindo wa Daito-ryu. Alikuwa na miaka 31, mke na mtoto nyumbani, na shamba la kufyeka.

Je, wajua kuwa Ueshiba hakuwa pande la mtu? Urefu wake ulikuwa kama sentimita 156 tu. Mwanafunzi wake Gozo Shioda, aliyezaliwa mwaka 1915 na kuanzisha tawi la Yoshinkan mwaka 1955, naye alikuwa mfupi vilevile. Hata hivyo ni dojo ya Shioda iliyofundisha askari wa kutuliza ghasia wa Tokyo.

Je, wajua kuwa jina la aikido ni changa kuliko baadhi ya wazee tunaokaa nao barazani? Dojo ya kwanza ya Ueshiba jijini Tokyo ilifunguliwa mwaka 1931 mtaa wa Shinjuku, na makao makuu ya Aikikai, shirika la aikido, yako palepale hadi leo. Jina lenyewe la aikido lilianza kutumika rasmi mwaka 1942.

Je, wajua kuwa baba wa judo aliivulia kofia aikido? Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mwaka 1882, alikwenda kumtazama Ueshiba mwaka 1930. Alivutiwa kiasi cha kutuma wanafunzi wake wakajifunze kwake. Mmoja wao, Minoru Mochizuki, ndiye aliyeonyesha aikido Ufaransa mwaka 1951, na tangu hapo Ulaya haikurudi nyuma.

BILA MSHINDI

Je, wajua kuwa katika aikido ya Aikikai hakuna mashindano? Hakuna pointi, medali wala refa. Wawili hushika zamu: mmoja hushambulia, mwenzake humwangusha, kisha hubadilishana. Anayeshambulia huitwa uke, na kazi yake ni kushambulia kwa kweli na kuanguka salama. Kenji Tomiki, mwanafunzi wa Kano na wa Ueshiba pia, ndiye aliyeunda aikido yenye mashindano. Tawi lake lipo mpaka sasa, ila walio wengi hawakumfuata.

Je, wajua kuwa mchezo wa kupigana bila mshindi si mgeni kwetu? Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila Julai katika sherehe ya Mwaka Kogwa wanaume huchapana kwa mabua ya migomba na kumaliza nongwa za mwaka mzima. Lamu na visiwani kuna kirumbizi: wawili huingia uwanjani na fimbo, zumari linalia, ngoma inapigwa, na watazamaji huangalia nani anajua kukinga na kupisha. Mtu aliyekulia kwenye uwanja wa kirumbizi hashangai akiona wanaaikido wakizungukana na fimbo bila kuhesabu pointi.

Je, wajua kuwa aikido haina madaraja ya uzito wala mgawanyo wa wanaume na wanawake? Mwanamke wa kilo 50 hufanya mazoezi na mwanamume wa kilo 90. Kinachotafutwa ni pembe na wakati, misuli ni nyongeza. Palipo na adabu ya kutogusana kati ya wasio maharimu, wanawake hupangwa na wanawake wenzao na darasa likaendelea.

Je, wajua kuwa hijabu si kikwazo mkekani? Katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia alipigana judo akiwa amefunika nywele. Kinachokatazwa popote ni pini, kwa kuwa pini moja inaweza kumtoboa mwenzako jicho.

PWANI ILISHAANZA

Je, wajua kuwa Bagamoyo ina historia ndefu ya kupinduka na kuangukia mkekani? Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilipeleka vijana China kujifunza sarakasi, na mwaka 1969 kikaundwa kikundi cha taifa cha sarakasi. Vikundi vya taifa vya sanaa vilipovunjwa, nafasi yake ilichukuliwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Tangu mwaka 2007 chuo hicho ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Anayetaka kujua mwili unavyopokea ardhi aende kwenye tamasha la taasisi hiyo, linalofanyika kila mwaka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Je, wajua kuwa judo ya Zanzibar ina mkono wa Mjapani mhamiaji? Tsuyoshi Shimaoka alihamia Unguja miaka ya 1980, akafanya biashara ya uvuvi, na miaka ya 1990 akaanza kufundisha judo vijana wa kisiwani. Kwa wengi wao, darasa lake ndilo lililowatambulisha kwa tatami, mkeka wa mazoezi.

Je, wajua kuwa karate ya Dar es Salaam ilipandwa na Mmarekani mweusi? Nantambu Camara Bomani alifundisha Goju-ryu, mtindo wa kisiwa cha Okinawa, katika Shule ya Zanaki miaka ya 1970. Ulikuwa wakati ambao Wamarekani weusi wengi walikuja kuishi Tanzania ya Mwalimu Nyerere. Walimu wengi wa karate nchini humhesabu kuwa babu yao katika sanaa.

Je, wajua kuwa wengi wetu tuliona aikido kabla ya kulijua jina lake? Katika vibanda vya video, filamu za Steven Seagal zilikuwa chakula cha kila siku, na mkono wa adui ulipopindwa hadi akaruka hewani, ukumbi mzima ulisimama. Seagal aliwahi kufundisha aikido Osaka kabla ya filamu yake ya kwanza ya mwaka 1988. Mazoezi halisi, hata hivyo, ni ya polepole, na hakuna anayetupwa dirishani.

Je, wajua kuwa Afrika Mashariki ina dojo ya aikido iliyojengwa kwa ajili ya amani? Iko Hawassa, kusini mwa Ethiopia. Profesa Donald Levine wa Chuo Kikuu cha Chicago, mtafiti maarufu wa historia na jamii ya Ethiopia na mwalimu wa aikido pia, aliwaunga mkono vijana wa sarakasi na maigizo wa mji huo hadi wakawa na dojo yao. Ethiopia sarakasi ilizaa aikido. Bagamoyo sarakasi ipo tayari.

ADABU ZA MLANGONI

Je, wajua kuwa mtu wa Pwani huingia dojo akiwa na nusu ya adabu zake? Viatu huvuliwa mlangoni, na ncha zake huelekezwa nje. Hupandi mkekani na miguu michafu. Huingii kimya, unatoa heshima kwanza. Huwaruki waliokaa, unapita nyuma yao. Aliyelelewa kwenye nyumba yenye mkeka na madrasa yenye ustadhi hana la kufundishwa hapo.

Je, wajua kuwa mkao rasmi wa dojo, seiza, ni wa kupiga magoti na kukalia visigino? Wanaoswali wanaukaribia kila siku katika tahiyatu. Mgeni kutoka Ulaya hulalamika magoti dakika ya tatu. Mzee wa Bagamoyo anaweza kukaa hivyo akimaliza nyuradi zake. Ila kuna mbinu zinazofanywa kwa kutembea juu ya magoti, shikko, na hizo humtoa jasho kila mtu. Mwenye magoti mabovu amwambie mwalimu mapema, afanyie akiwa wima.

Je, wajua kuwa kuinama mbele ya picha ya Ueshiba ni jambo la kuzungumzwa na mwalimu kabla ya kuanza? Kwa Wajapani ni ishara ya heshima. Kwa Mwislamu au Mkristo wa Pwani inaweza kugusa imani, na wapo walimu wanaoridhika mwanafunzi akiinamisha kichwa kidogo akiwa wima au akiweka mkono kifuani. Aikido ina vyama Morocco na Algeria, nchi za Kiislamu, kwa hiyo swali hili si geni.

Je, wajua kuwa mkekani umri hausomwi kwa mvi? Watu hukaa kwa mpangilio wa daraja. Aikikai huruhusu mtihani wa mkanda mweusi kuanzia miaka 15, hivyo kijana wa sekondari anaweza kukaa juu ya bosi wake mtarajiwa na kumsahihisha mguu. Wakishatoka nje na kuvaa viatu, kijana anatoa shikamoo na mzee anaitikia marahaba, mambo yanarudi mahali pake. Watu wazima wengi hushindwa hapa kuliko kwenye magoti.

Je, wajua kuwa kufagia ni sehemu ya somo? Baada ya mazoezi wanafunzi huchukua fagio na vitambaa, wakapangusa mkeka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Cheo cha ofisini hakikuokoi.

KUANGUKA KWANZA

Je, wajua kuwa wiki za mwanzo hutaangusha mtu? Utaanguka wewe. Ukemi, yaani kuanguka salama, ndio mlango wa kila kitu kingine. Tazama hatua zake kwa kuanguka mbele upande wa kulia. Mguu wa kulia unatangulia. Mkono wa kulia unapinda kama upinde, ukingo wa kidole cha mwisho ukigusa mkeka kwanza. Uzito unapita kwenye kigasha, kisha kiwiko, kisha bega. Kutoka bega la kulia unakata mgongo mshazari hadi nyonga ya kushoto. Kidevu kimebanwa kifuani, macho yanatazama fundo la mkanda, kichwa hakigusi chochote. Miguu inakunjika, na mwendo uleule uliokuangusha unakusimamisha. Anayeanza huvunja duara kwa kuogopa: hunyoosha mkono, akashuka na kiwiko, na bega likamwambia kesho yake.

Je, wajua kwa nini kidevu kinasisitizwa hivyo? Katika shule za Japani, zaidi ya wanafunzi 100 walikufa katika mazoezi ya judo kati ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 2010, wengi wao kwa majeraha ya kichwa. Baada ya takwimu hizo kuanikwa, Wajapani walianza kubana kanuni za usalama. Kwa upande wa aikido, mbinu ya kuangaliwa kwa jicho kali ni shihonage, inayomwangusha mtu kinyumenyume mkono wake ukiwa umekunjwa begani. Ikifanywa kwa pupa, kisogo hutangulia chini. Mwalimu anayewarusha wapya kwa mbinu hiyo siku ya kwanza ni wa kuagwa kwa heshima.

Je, wajua kuwa kujua kuanguka kuna faida nje ya dojo? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Waliozidi miaka 60 ndio walio hatarini zaidi. Bafu lenye sabuni, ngazi ya minazi, ubao wa kupandia jahazi: hakuna hapo aliyekuja na ngumi.

Je, wajua kuwa kuna lugha isiyohitaji mkalimani mkekani? Ukipiga mkeka kwa kiganja mara mbili, mwenzako lazima aachie papo hapo. Tuchukue ikkyo, mbinu ya kwanza kabisa. Mtu anashusha mkono kukupiga utosini. Unaingia kabla mkono haujashuka, mkono wako mmoja kwenye kiwiko chake, mwingine kwenye kifundo. Unasukuma kiwiko kuelekea sikio lake, unapiga hatua, naye analala kifudifudi, mkono umenyooshwa. Hapo ndipo kiganja chake kinapopiga mkeka. Asiyeachia kwa wakati hukosa wa kufanya naye mazoezi.

MKEKA, GI NA FIMBO

Je, wajua kuwa tatami za asili ni kazi ya ususi, kama mikeka yetu? Huko Japani ni majani ya igusa yaliyofumwa juu ya godoro la mabua ya mpunga. Kwetu mkeka ni ukindu na jamvi ni miyaa. Jamvi lenyewe ni jembamba mno kwa kuangukia. Wasio na fedha za tatami za kiwandani hutengeneza fremu ya mbao, wakaijaza vumbi la mbao na kuvuta turubai juu yake hadi ikaze kama ngozi ya ngoma. Mafundi seremala wako Bagamoyo, na turubai pia. Lakini turubai likilegea, kidole cha mguu hunasa na goti huzunguka.

Je, wajua kuwa ufuko ni mwalimu wa kuogopwa? Mchanga mkavu humeza mguu na kupinda goti. Mchanga wenye maji, bahari ikishapwa, una ugumu wa sakafu. Ukanda wa katikati, unyevu kiasi, ndio unaofaa kwa hatua na fimbo, si kwa kurushana. Tena angalia mwezi: wakati wa bamvua maji ya pwani hii hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na nguo ulizoziacha jiwe la chini hazitakusubiri.

Je, wajua kuwa gi, vazi la mazoezi, si lazima iagizwe nje? Fundi cherehani mzuri anaweza kuishona kwa pamba nzito, mradi aongeze kitambaa mabegani na magotini na kushona mara mbili. Pamba nyeupe isiyotiwa rangi ina historia hapa: merikani iliyotoka Marekani, nyingi yake ikiletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ndiyo iliyobebwa na misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda bara, na njiani ikatumika kama fedha.

Je, wajua kuwa masika ni adui wa gi? Kati ya Machi na Mei unyevu wa Pwani huotesha ukungu kwenye pamba iliyokunjwa na jasho ndani ya begi usiku mmoja tu. Anika kila baada ya zoezi. Anayebishana na hili hujulikana kwa harufu.

Je, wajua kuwa fimbo ya aikido, jo, ina urefu wa kama sentimita 128? Kwa mtu wa wastani hufika karibu na kwapa. Wajapani huitengeneza kwa mwaloni. Seremala wetu achague mti ulionyooka, usio na vifundo. Mpingo, pamoja na sifa zake zote, haufai: ni mzito hadi huzama majini, na mkono utachoka kabla ya somo kuiva.

HESABU YA MTU MZIMA

Je, wajua kuwa daraja huhesabiwa kwa siku za mazoezi? Kwa kanuni za makao makuu ya Aikikai, kyu ya 5, moja ya madaraja ya chini ya mkanda mweusi, huhitaji siku 30. Ya 4 huongeza 40, ya 3 huongeza 50, ya 2 huongeza 50, ya 1 huongeza 60, na mkanda mweusi wa kwanza 70. Jumla ni siku 300. Anayefanya mazoezi mara mbili kwa wiki bila kukosa hufika baada ya miaka mitatu hivi. Ondoa misiba, harusi, safari za kikazi na mvua, weka mitano.

Je, wajua kuwa makao makuu Tokyo huanza darasa la kwanza saa 12:30 asubuhi? Ni saa nzuri kwa Pwani pia, kabla jua halijawa kali. Katika Ramadhani ni vyema kuhamia usiku baada ya tarawehe, kwa kuwa jasho la mchana bila maji si mchezo.

Je, wajua kuwa klabu ya michezo Tanzania Bara inatakiwa kusajiliwa? Baraza la Michezo la Taifa, BMT, liliundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967, na Zanzibar ina baraza lake. Kabla ya kulipa ada, muulize mwalimu mambo matatu: klabu imesajiliwa wapi, daraja lake lilitolewa na nani, na nani alikuwa mwalimu wake. Mwalimu wa kweli hujibu akicheka. Mwenye mkanda wa dukani hukasirika.

Je, wajua kuwa Ueshiba alifariki tarehe 26 Aprili 1969 akiwa na miaka 85, na kwamba hadi miezi michache kabla ya hapo bado alikuwa akionyesha aikido? Basi piga hesabu. Msomaji wa miaka 45 wa Bagamoyo, Mapinga au Bunju akivua viatu mlangoni jioni ya leo, ana miaka 40 ya mazoezi mbele yake kabla hajaufikia umri huo. Samaki wa namna hiyo bado hajakauka.